Malalamiko kuhusu taa za kupigia picha: nyekundu yangu imegeuka kahawia

Arusha,
12 Juni 2025

Meneja Mauzo,
Duka la Vifaa vya Picha,
Kariakoo, Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: SANDUKU LA MWANGA NA TAA MBILI ZA LED – OMBI LA KUREJESHEWA SH. 297,000

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Hii ni mara ya tatu nawaandikia. Mara mbili za kwanza niliandika kwa meseji, nikapigwa danadana. Sasa naandika barua, na ndani ya kifurushi chake nimeweka shanga mbili. Nitazieleza mwishoni.

Mimi ni fundi wa shanga. Nayeyusha kioo kwenye moto wa tochi ya gesi, nakizungusha kwenye waya wa chuma, kisha nakiacha kipoe polepole ndani ya tanuri usiku kucha ili kisipasuke. Kijani na kahawia nazipata kwenye chupa zilizotupwa. Nyekundu haitoki kwenye chupa, kwa hiyo naagiza fimbo za kioo kutoka Murano, Italia, na ninazitumia kwa uchoyo. Natengeneza pia sanamu ndogo: hondohondo, twiga, kobe. Iliyo ndefu kuliko zote haifiki sentimita tisa. Wateja wangu wengi wako mbali, Muscat, Nairobi, Hamburg, na hawajawahi kushika kazi yangu kabla ya kuilipia. Wanaona picha, basi.

Tarehe 3 Aprili mwaka huu nilinunua kwenu sanduku la mwanga la sentimita 60 pamoja na taa mbili za LED zenye miguu. Nililipa sh. 285,000 kwa simu, na sh. 12,000 za mzigo kwa basi. Risiti nimeambatisha. Kwenye boksi mmeandika: 5500K, CRI 95+, haipepesi, yafaa kwa vito, vioo na shanga. Nililipia maneno hayo: K ni rangi ya mwanga wenyewe, CRI ni kipimo cha jinsi taa inavyoonesha rangi za vitu kwa uaminifu. Taa ya kumulika tu ningeipata hapahapa mjini kwa bei ya kilo mbili za nyama.

Mkufu wa kwanza niliopiga picha chini ya taa hizo ulikuwa wa shanga 40 nyekundu, nyekundu ya punje za komamanga. Mteja wa Hamburg akaupenda, akalipa, nikautuma. Baada ya wiki tatu ukarudi. Aliandika kwa adabu kabisa kwamba yeye aliagiza mkufu wa rangi ya tofali ili uendane na gauni lake, na alichopokea ni chekundu. Nikafungua ile picha nikaitazama upya nje, barazani. Kweli, shanga za tofali. Aliagiza alichokiona, akapokea nilichokitengeneza, na katikati yetu zilikuwepo taa zenu.

Mtauliza kwa nini sikuliona hilo mapema, na hapo nakubali nina sehemu yangu. Macho huizoea taa. Ukikaa chini yake nusu saa, karatasi inaonekana nyeupe, mkono unaonekana mkono, na unaamini kila kitu kiko sawa. Ningepaswa kuupeleka ule mkufu dirishani kabla ya kutuma picha. Sikufanya hivyo kwa sababu boksi liliniambia sihitaji dirisha.

Baada ya mkufu kurudi nikafanya jaribio. Saa nne asubuhi, upande wa nyumba usiopigwa na jua, niliweka dirishani ushanga mmoja mwekundu, mmoja wa kahawia wa chupa, na kipande cha kadi ya kijivu. Nikapiga picha. Nikafunga mapazia, nikahamishia vitu vilevile ndani ya sanduku lenu, nikawasha taa zenu tu, nikarekebisha weupe wa kamera kwa ile kadi mpaka kijivu kikawa kijivu, nikapiga tena. Picha zote mbili nilimwonesha mwanangu aliye darasa la nne nikamwambia anioneshe ushanga mwekundu. Kwenye picha ya dirishani alinyoosha kidole hata sijamaliza swali. Kwenye ya pili alisita, akaelekeza kidole kwenye kipande cha chupa. Simlaumu, maana chini ya taa zenu shanga zile ni ndugu wa tumbo moja.

Halafu kuna suala la stika, na hili ningependa mlisome mkiwa mmekaa. Nyuma ya kila taa kuna stika yenu ya rangi ya fedha inayorudia maneno ya boksi. Kwenye taa moja kona ilikuwa imeanza kujikunja kwa joto. Nikaimalizia kwa ukucha. Chini yake kuna maandishi ya kiwandani, madogo, yaliyochapwa moja kwa moja kwenye plastiki: 6500K, Ra>80. Nikabandua na ya taa ya pili. Hivyohivyo. Ra ndicho kipimo hichohicho mnachokiita CRI. Themanini si tisini na tano, na kile kialama cha "zaidi ya" hakiwezi kubeba pengo lote hilo. Picha za stika zikiwa zimebanduliwa nusu nimeambatisha pia.

Kijana wenu wa huduma kwa wateja aliniambia kwamba tofauti ya namba hizo "ni ya wataalamu". Hapana, ni ya kila anayeuza kitu chekundu. Kipimo hicho hupatikana kwa kulinganisha jinsi rangi nane zilizofifia zinavyoonekana chini ya taa husika na zinavyoonekana chini ya mwanga unaochukuliwa kuwa kigezo, kisha unatafutwa wastani. Nyekundu iliyokolea ni ya tisa, na haimo kwenye wastani huo. Taa inaweza kupata themanini yake vizuri huku nyekundu ikiwa hohehahe. Nayo LED nyeupe ya kawaida kwa ndani ni kijitaa cha bluu kilichofunikwa kwa unga wa manjano. Kwa macho mchanganyiko huo ni mweupe, lakini wekundu uliokolea ndani yake ni haba. Kioo chekundu kinapitisha mwanga mwekundu na kumeza uliobaki. Taa isipoleta wekundu, kioo kitapitisha nini?

Ndiyo maana ushauri wake wa pili, kwamba niongeze nyekundu kwenye programu ya simu, haukusaidia. Nikiongeza, ushanga wa chupa nao unaiva kama nyanya, na kidole changu kilichoushika kinaonekana kimeungua. Ushauri wa tatu ulikuwa nifute kioo cha kamera. Nilikifuta.

Na si kila mabadiliko ya rangi nawabebesha ninyi. Nina fimbo chache za kioo chenye neodimiamu, metali inayotiwa kwenye kioo ili kukipa rangi, ambacho juani ni zambarau hafifu na chini ya taa za tyubu kinageuka kuwa bluu baridi. Hiyo ni tabia ya kioo chenyewe. Wateja wangu wanaambiwa, na wengine wanakinunua kwa sababu hiyohiyo. Nyekundu yangu haina tabia hiyo.

Kuhusu neno "haipepesi". Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo taa isiyotulizwa vizuri ndani hupanda na kushuka mara 100 kila sekunde. Jicho halioni, simu inaona. Kwenye video ya twiga akizungushwa, mistari ya giza inapanda mwilini mwake kama pundamilia anayetembea. Mnaweza kujaribu bila kamera. Chukueni kitu chembamba, mimi nilitumia waya wangu wa kutengenezea shanga, mkipunge haraka chini ya taa. Kwenye mwanga wa jua kinakuwa ukungu mmoja laini. Chini ya taa yenu nilihesabu waya saba au nane zimetawanyika kama mbavu za mwavuli. Najua kwamba nikifungia kasi ya kamera kwenye 1/100 ya sekunde mistari inapungua sana, na ndivyo ninavyofanya sasa. Lakini boksi halikusema "haipepesi, ukijua ujanja".

Kuhusu sanduku lenyewe. Ushanga wa kioo ni kama mgongo wa kijiko, unaonesha kila kilichouzunguka. Juu ya sanduku mmeweka mistari miwili ya LED, vijitaa vitupu bila kitu cha kuvifunika. Kwa kiatu au kitabu sidhani kama ingekuwa tatizo. Kwenye ushanga wa milimita 14 nilihesabu nukta 24 nyeupe zimejipanga mbele kama meno ya kitana, zikifunika ua nililolichora ndani kwa dakika arobaini. Nimezitibu mwenyewe: karatasi ya kuokea keki, nimeining'iniza kama sentimita kumi chini ya vijitaa. Nukta zikayeyuka zikawa mng'ao mmoja mpana, mtulivu, unaofuata duara la ushanga, na ua likarudi. Karatasi hiyo mngeweza kuiweka ndani ya boksi nyie wenyewe.

Sanamu za kioo kitupu nazitaja kwa kupita, kwa sababu hapo kosa si la taa bali la kuahidi mnachokijua nusu. Hondohondo asiye na rangi, ndani ya sanduku jeupe pande zote, anapotea kama barafu ndani ya maziwa. Inabidi mwanga umtokee nyuma, na kadi mbili nyeusi zisimame kushoto na kulia, nje kidogo ya picha, ndipo weusi wake uchore ukingo wa mdomo na mkia. Kijikaratasi chenu cha maelekezo kina picha ya bilauri tupu inayong'aa kama ya tangazo, na aya moja kuhusu namna ya kukunja sanduku. Skurubu ya mguu mmoja haikuwemo tangu mwanzo. Nimeifunga kwa waya, si kitu.

Ninachoomba ni haya. Nirejeshewe sh. 285,000 za vifaa na sh. 12,000 za basi, nami nitavituma mara moja, vikiwa kwenye boksi lake. Kama mnazo kweli taa zenye CRI 95, niko tayari kuzichukua badala ya fedha, kwa sharti kwamba niione namba ya kiwanda bila stika juu yake, na mniambie pia alama ya ile nyekundu ya tisa. Na tangazo lenu lirekebishwe, maana nimeangalia juzi bado linasema tisini na tano, na wapo mafundi wenzangu wa vito ambao wataliamini kama nilivyoliamini mimi. Gharama ya mkufu kwenda na kurudi Hamburg siwadai. Hiyo naihesabu kwenye ile sehemu yangu.

Naomba majibu kwa maandishi ndani ya siku 14. Nisipoyapata nitapeleka barua hii na viambatisho vyake Tume ya Ushindani (FCC). Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi, na stika iliyobandikwa juu ya namba ya kiwanda sijui itaitwaje vingine.

Sasa zile shanga. Ziko ndani ya kikopo cha filamu, zimefungwa kwa pamba. Moja ni ya Murano, nyingine ni ya chupa. Naomba wewe binafsi, si kijana wa meseji, uzimulike kwanza kwa taa yoyote ya aina hii iliyopo dukani, kisha utoke nazo nje hadi kivulini. Ukishaziona naomba zirudishwe zote mbili kwa basi. Ile nyekundu ni ya mkufu wa Hamburg, na nimeshapata mtu mwingine anayeutaka jinsi ulivyo.

Wako mteja,

(Sahihi)
Fundi wa shanga na sanamu za kioo,
Arusha.

Viambatisho: risiti ya malipo, risiti ya basi, picha za jaribio, picha za stika, video ya twiga kwenye flashi.