Kasa ana fukwe nyingi, panya yule alikuwa na kisiwa kimoja

Mhariri,

Habari za wanyama walio hatarini hutoka karibu kila mara na picha ya kasa. Safari hii tunaomba mmpe nafasi panya. Kisiwa cha Bramble Cay, kaskazini mwa Australia, kiliwabeba wote wawili. Bahari ikapanda, mmoja akapona, mwingine hayupo tena.

Kisiwa chenyewe ni fungu la mchanga la hekta nne hivi, lililoinuka mita tatu tu juu ya bahari. Kasa hupanda hapo kutaga. Panya huyo, jamii ya melomisi, hakuishi mahali pengine popote duniani. Mwaka 1978 walikadiriwa kuwa mamia. Mwaka 1998 walikuwa kama 90. Walikula na kujificha kwenye majani mafupi yaliyofunika mchanga, na maji ya chumvi yaliyaua majani hayo. Mwaka 2004 yalifunika hekta 2.2. Kufikia Machi 2014 zilibaki mita za mraba 650, kiwanja kimoja na nusu cha mpira wa kikapu. Mwaka huohuo watafiti walitega mitego na kamera usiku baada ya usiku, asinaswe hata mmoja. Mwaka 2019 serikali ya Australia ikatangaza kuwa ametoweka.

Maji hayohayo huzamisha mayai ya kasa pia, kinda akakosa hewa ndani ya ganda. Lakini jike hutaga mayai mia na zaidi kwa kiota, viota kadhaa kwa msimu, na wenzake wako fukwe nyingine nyingi. Tena kiota kilicho chini ya mstari wa bamvua, yaani maji makubwa ya kujaa, huweza kuhamishwa. Mayai hutolewa ndani ya saa chache baada ya kutagwa, upande wa juu ukibaki juu, yakafukiwa kwa kina kilekile mahali pakavu. Ukichelewa, kiinitete kimeshajishika kwenye ganda. Yai likigeuzwa, kinakufa. Kasa wa kijani amelindwa kwa miongo mingi, na Oktoba 2025 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, ilimtoa kwenye orodha ya walio hatarini. Ng'amba, kasa wa jamii nyingine, bado yumo, tena pabaya.

Panya naye angehamishwa: jozi kadhaa, vizimba, na mtu wa kuwazalisha, wakati bado wanahesabika. Mpango wa kumwokoa uliandikwa mwaka 2008. Mara ya mwisho kuonekana ilikuwa 2009.

Hapa kwetu Kenya, kilomita chache kutoka viota vya kasa vya Watamu, msitu wa Arabuko-Sokoke una sange mwenye kiuno cha dhahabu, mnyama mdogo mwenye pua ndefu. Watu humdhania panya ingawa si panya, na karibu wote waliobaki duniani wamo msituni humo. Tunaomba idadi yake ihesabiwe na kuchapishwa kila mwaka, kando ya hesabu ya viota vya kasa.

Wahifadhi wa fukwe,
Kilifi