Kikaango cha langoni mwa shule

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie chakula wanachokula watoto wetu wakati wa mapumziko ya saa nne asubuhi. Katika shule nyingi za msingi hapa Dar es Salaam, mtoto aliyetoka nyumbani bila kunywa chai hukutana langoni na mihogo ya kukaanga, kachori, sambusa, chipsi na maandazi, na pesa kidogo aliyopewa na mzazi haimpi nafasi ya kuchagua kitu ambacho hakikupitia kwenye mafuta.

Sitaki vyakula hivyo vipigwe marufuku, kwani ni vitamu na ni sehemu ya maisha yetu. Ninachopinga ni kuvila kila siku. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, ilhali gramu moja ya wanga ina kalori 4 tu, na muhogo unapokaangwa hupoteza maji na kunyonya mafuta. Zaidi ya hayo, mwaka 2002 watafiti wa Sweden walibaini kuwa vyakula vya wanga vikipikwa kwa joto linalozidi nyuzi 120 hutengeneza akrilamaidi, kemikali inayohofiwa kuchangia saratani. Maji ya kuchemshia hayafikii joto hilo.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni mafuta yanayorudiwa. Mafuta yaliyochemka mara nyingi huharibika, yakawa meusi na mazito, yakatoa povu na kuwahi kufuka moshi. Ufaransa, Hispania na Italia zimeweka kikomo cha kisheria: sehemu iliyoharibika ikizidi asilimia 25, mafuta hayo hayaruhusiwi tena kupikia chakula cha kuuza. Kwetu mwamuzi ni jicho la mpishi, naye ana mtaji mdogo na dumu alilolinunua kwa bei kubwa, kwa hiyo simlaumu akishindwa kumwaga mafuta ambayo bado yanachemka. Tangu mwaka 2019 usalama wa chakula umekuwa chini ya Shirika la Viwango Tanzania, lakini ni vigumu kwa shirika moja kufika kwenye kila kikaango cha kila mtaa.

Majumbani nako tuna la kufanya, ingawa natambua kuwa familia isiyo na jokofu hukaanga samaki ili afike kesho bila kuharibika. Hiyo ni sababu ya msingi. Lakini mchuzi wa maharage hauhitaji mafuta yamiminwe moja kwa moja kutoka kwenye dumu, wakati kijiko kimoja kikubwa kinatosha kukaangia kitunguu cha sufuria nzima.

Kwa hiyo naziomba kamati za shule, zikishirikiana na maafisa afya wa kata, zikae na mama na baba lishe hawa hawa wanaouza langoni na kukubaliana nao kwamba kuanzia muhula ujao, walau siku tatu za juma, wauze mihogo ya kuchemsha, magimbi, viazi vitamu, mahindi, karanga na matunda. Wateja wao watabaki pale pale, nao watapunguza gharama ya mafuta, ambayo ndiyo inayokula faida yao. Kamati ziwahakikishie pia maji safi ya kuoshea vyombo na matunda, kwa sababu tikiti lililokatwa kwa kisu kichafu litamletea mtoto maradhi mengine.

Mzazi,
Temeke, Dar es Salaam