Uje ukae arobaini kwangu, na mikate itoke

Mwanangu kipenzi,

Assalaam aleikum. Sisi huku Tanga wazima wote, baba yako anakusalimu.

Juzi uliposema utajifungulia Morogoro na arobaini utakaa huko huko kwa sababu ukiondoka mikate ya kiwanda chako haitatoka, nilinyamaza. Nimeona bora nikuandikie. Mimba ina miezi mitano, muda bado upo. Nataka uje nyumbani ukandwe, ule, ulale, na huko mikate iendelee kufika madukani kabla watoto hawajaenda shule. Yote mawili yanawezekana, ila lazima uanze sasa.

Nilipokuja kwako niliona jambo. Saa tisa usiku yule kijana wa mashine ya kukandia anakugongea akuulize hamira. Unatoka na kanga yako, unachota kwa kiganja, unamwaga, unarudi kulala. Mkate unatoka laini, wateja wanausifu. Lakini kipimo kiko kwenye kiganja chako, na kiganja hicho utakuja nacho Tanga.

Nunua mzani mdogo wa gramu, uandike kila kitu na kukibandika ukutani. Wanaooka kwa kazi huhesabu unga kuwa asilimia 100, na vingine vyote hupimwa kwa kulinganishwa na uzito wa unga huo. Mfuko wa kilo 50: maji lita 30, sukari kilo mbili na nusu, mafuta kilo moja na nusu, chumvi gramu 750, hamira kavu gramu 500. Wewe weka vipimo vyako, maana mikono yako inajua zaidi yangu, lakini viwe kwenye karatasi. Andika pia kwamba donge lisubiriwe mpaka liumuke mara mbili ya lilivyokuwa. Ukiwapa saa tu, mwezi wa saba baridi ikishuka kutoka Uluguru watalitia kwenye tanuri kabla ya wakati.

Sasa tazama. Vipimo hivyo vinakupa donge la kilo 85 na ushei. Ukilikata gramu 570, ili mkate ukiiva ubaki nusu kilo, mfuko mmoja unatoa mikate kama 149. Ikitoka 146 si neno, mabaki hubaki kwenye beseni na mmoja huungua. Ikitoka 130 siku tatu mfululizo, ama wanakata donge kubwa, ama mikate inapitia mlango wa nyuma. Hayo utayajua ukiwa umelala kitandani kwangu, kwa kuuliza mifuko mingapi imefunguliwa na mikate mingapi imetoka.

Watu watakwambia tafuta mtu mwaminifu umwachie. Mimi ushauri huo siupendi. Kazi isiyo na kipimo humsingizia mwaminifu na humficha mwizi, na wewe mwenye biashara hujui umshike yupi. Yule dada anayekusimamizia hesabu nimemwona, ana akili na ana adabu. Mpe kitu cha kupimwa nacho, umlipe vizuri, halafu umwamini.

Na umwachie kuamua. Tanuri likiharibika, fundi akitaka chini ya laki moja, amlipe bila kukupigia. Zaidi ya hapo ndipo apige. Nenda naye kwa muuzaji wa unga, kwa sababu yule baba hukukopesha kwa kuijua sauti yako. Safari ya pili, dada ndiye aagize, wewe kaa kimya pembeni. Madukani nako kuwe na kanuni moja: aliyelipa mikate ya jana ndiye anayepata ya leo, hata akiwa shoga yako. Na pesa ziache kuingia kwenye simu yako. Chukua lipa namba ya biashara, na ujumbe wa malipo dada auone pia. Kijana wa bodaboda kukupigia kila duka, "Dada, imeingia?", utaweza hayo na mtoto mchanga kifuani?

Kuna la likizo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 28 kwa mwaka, na aliyejifungua siku 84. Wafanyakazi wako wana haki hiyo, wewe mwenyewe hujajipa hata wiki. Wapeleke likizo kabla yako, uanze na mwokaji mkuu. Akiondoka ndipo utakapoona mangapi yalikuwa kichwani mwake peke yake, na utayaandika ungali upo.

La mwisho ni zito, na Mungu akupe umri mrefu. Ulichosajili BRELA, wakala wa serikali wa kusajili biashara, ni jina la biashara tu. Mbele ya sheria biashara hiyo na wewe ni kitu kimoja. Mwenyewe akifariki, akaunti iliyo kwa jina lake hungoja mahakama imteue msimamizi wa mirathi, na mishahara ya mwezi haingoji. Kampuni kisheria huhesabiwa mtu wa peke yake, mbali na mwenyewe, na akaunti yake ya benki inaweza kuwa na watia saini wawili. Zungumza na mkwe wangu, muulizeni na mwanasheria gharama zake. Ikiwezekana, lifanyeni kabla hujajifungua.

Mwezi ujao njoo siku tatu. Wapigie mara moja tu kwa siku, jioni, uulize mifuko, mikate na pesa. Kitakachokwama kiandike, ukirudi ukirekebishe, kisha mwezi unaofuata uje wiki nzima. Nijulishe tarehe mapema, maana bibi wa kukukanda anatafutwa na wengi na nataka nimweke mapema.

Mama yako