Kura ya mfungwa: barua kwa Wafula

Kwako ndugu Wafula,

Salaam nyingi kutoka Tororo. Mama Zubeda anakusalimu na watoto hawajambo, ila mvua imezidi, mahindi tunayaanika ndani. Naandika kwa sababu juzi kwenye simu, nilipogusia kuwa wafungwa nao wapige kura, ulinipigia kelele, "Mwizi apige kura? Afande, uzee umekuingia!" kisha salio likakatika kabla sijajieleza. Karatasi haina salio, kwa hiyo leo utanisikiliza mpaka mwisho.

La sheria ni fupi. Ibara ya 59 ya Katiba yetu ya Uganda ya 1995 inampa haki ya kupiga kura kila raia aliyetimiza miaka 18. Haimtoi mfungwa. Ndiyo maana Steven Kalali alipoishitaki serikali pamoja na Tume ya Uchaguzi, Mahakama Kuu ya Kampala ilimpa ushindi Juni 2020, ikasema wafungwa na raia wetu walioko ng'ambo wote wana haki hiyo. Uchaguzi wa Januari 2021 ukaja, ukapita, gerezani hakuna aliyepaka wino kidoleni. (Na dunia ina vituko: jaji aliyetoa hukumu hiyo, Lydia Mugambe, mwaka 2025 alifungwa Uingereza miaka 6 na miezi 4, na huko mfungwa hapigi kura.)

Wewe hoja yako ni moja, kwamba aliyevunja sheria asichague watunga sheria. Sawa. Lakini Wafula, tulipokuwa askari magereza tulikuwa tukihesabu watu jioni kila siku, unajua walikuwa kina nani. Magereza ya nchi hii yana watu zaidi ya 70,000, na karibu nusu ni mahabusu. Hao hakuna hakimu aliyewatia hatiani. Wanangoja tu kesi. Halafu kumbuka Arua, Agosti 2018: Kassiano Wadri alishinda ubunge akiwa kizuizini. Wapiga kura walimchagua, yeye mwenyewe hakuweza kujipigia. Mtu anafaa kuwa mbunge, hafai kuwa mpiga kura?

Tena tazama kalenda. Kijana anakamatwa Novemba kwa kosa dogo, faini inamshinda, anapewa miezi mitatu. Uchaguzi wa Januari unamkuta ndani, basi amekosa sauti kwa miaka mitano. Mwingine amevunja duka, anafungwa mara tu baada ya uchaguzi, anakaa miaka minne, anatoka mapema na kupanga mstari kama sisi. Mwenye kosa dogo ndiye aliyepoteza kura. Mimi siwezi kuiita hiyo adhabu, maana hakimu hakuitamka. Ni bahati nasibu.

Hapo sijayumba. Kinachonisumbua ni kitu kingine, na nashangaa wewe hukukigusa: funguo ziko mikononi mwa nani?

Unamkumbuka yule katikiro, mfungwa kiongozi wa wodi ya pili, mwenye kovu shavuni? Yeye ndiye aliyekuwa akipanga nani alale karibu na dirisha na nani karibu na ndoo. Posho ikiletwa, anasimama pembeni ya sufuria, na mpishi anamtazama usoni kabla ya kuchota. Hakuhitaji kupiga mtu. Sasa mpe huyo uchaguzi. Asubuhi aseme tu, "Wodi hii tunampenda fulani," nani atabisha, na usiku atalala wapi? Na juu yake yuko OC, mkuu wa gereza, ambaye naye ana wakubwa wake. Kura inaweza kuwa ya siri kwenye sanduku ikawa si ya siri hata kidogo kwenye wodi.

Wengi wanatumia hili kusema basi iachwe. Mimi nasema ipangwe. Karani wa uchaguzi aletwe kutoka nje ya gereza, askari wasikanyage chumba cha kura, mawakala wa wagombea wote waingie. Na la muhimu kuliko yote, kura za gereza zichanganywe na za kituo cha jirani kabla ya kuhesabiwa, asije mkubwa akajua gereza gani "lilimkosea adabu". Ubunge nao una shida yake: wafungwa wa Luzira, gereza kubwa la Kampala, wametoka kila pembe ya nchi, haifai wawachagulie mbunge wenyeji wa Nakawa, liliko gereza hilo. Wakenya mwaka 2017 waliliruka hilo, wafungwa wao wakapiga kura ya rais peke yake. Tungeweza kuanza hivyo. Na usiniambie wafungwa hawajui uchaguzi. Hapo Luzira Upper wana ligi ya mpira yenye katiba yake na viongozi wa kuchaguliwa, na wanavyopiga kampeni, heri wanasiasa wetu wangeenda kujifunza.

Kuna jambo jingine, na hili ni la nyumbani kwako. Mwaka 2018, tulipochagua mwenyekiti wa kijiji (LC1) kwa kupanga mstari nyuma ya mgombea, kijana mmoja wa hapa alikuwa ametoka kifungoni karibuni. Alisimama mbali, chini ya mwembe, mikono mfukoni. Nikamwita. Akasema, "Mzee, mimi nilifungwa, si nilishafutwa?" Nilimshika mkono nikamweka mstarini. Mama mmoja alinung'unika, mwenye kuhesabu akamhesabu, mambo yakaendelea. Hakufutwa na mtu yeyote, alijifuta mwenyewe kwa sababu hakuna aliyemwambia siku anatoka.

Sasa nasikia mtoto wa shemeji yako, yule wa kesi ya bodaboda, naye anasema hivyohivyo. Mkalishe chini. Mwambie kifungo kimekwisha na kura ni yake, na kitambulisho chake kama kimekwisha muda aende NIRA, ofisi ya vitambulisho, akiombe upya sasa, asingoje foleni za mwaka wa uchaguzi. Kisha kwenye daftari la wapiga kura alitafute jina lake mwenyewe. Akikwama, mlete kwangu Tororo, nitaenda naye.

Msalimie mama watoto. Na wewe nijibu kwa barua, simu yako ina kelele.

Rafiki yako,
Ramadhani