YAH: MALALAMIKO KUHUSU MICHE YA KRISANTEMU, KARATASI YA MAELEKEZO YA TAA, NA KUITWA MKULIMA WA BANGI MBELE YA WATEJA

Kwa Meneja,
Tawi la Arusha.

Ndugu Meneja,

Salamu nyingi. Natumaini hapo ofisini hamjambo. Mimi sijambo kwa afya, mengine utayasoma.

Ni yule mwalimu mstaafu wa Nkoaranga aliyenunua kwenu miche 2,000 ya maua ya krisantemu na seti ya taa, balbu 40 na taima. Jumla shilingi 1,240,000, pamoja na fundi wenu. Masharti ya dhamana mmeyachapa wenyewe nyuma ya risiti, kwa hiyo sitawasomea.

Karatasi yenu ya maelekezo inasema, tena kwa herufi nzito: "Washa taa kuanzia saa 10 jioni hadi saa 2 usiku, wiki 4 za mwanzo." Nimefundisha watoto kusoma saa kwa miaka 31. Nilishangaa. Saa 10 jioni jua bado lipo, taa za nini? Nikampigia bwana shamba wenu. Akanijibu, "Mama fuata karatasi, wameandika wataalamu." Nikafuata, na bili ya umeme nikalipa.

Aliyenifumbua macho si mtu wa kwenu. Ni jirani aliyefanya kazi miaka mingi kwenye mashamba ya maua ya Usa River. Alisoma karatasi yenu mara moja tu akacheka. Kumbe kuna mtu ofisini kwenu aliyechukua maelekezo ya Kiingereza, saa kumi ya Kizungu, akaiacha kumi vilevile! Ilitakiwa kuwa saa 4 usiku hadi saa 8 usiku. Krisantemu ni ua linalohesabu giza. Likipata usiku mrefu usiokatwa linaacha kurefuka, linafunga vitumba. Ndiyo maana taa huwashwa katikati ya usiku, ili giza likatike vipande viwili. Huku kwetu karibu na ikweta usiku ni kama saa 12 mwaka mzima, kwa hiyo bila taa halisubiri. Taa zenu zikizima saa 2, zinabaki saa 10 za giza mfululizo mpaka alfajiri. Miche yangu ikafunga vitumba ikiwa na urefu wa kiganja na nusu. Bibi harusi gani anashika ua la kiganja na nusu?

Halafu Julai ikaingia na baridi yake. Kipimajoto changu kilisoma nyuzi 9 alfajiri, nailoni ya kitalu inadondosha maji kama paa bovu. Kitumba ukikigusa kinabonyea kama ndizi iliyoiva kupita kiasi, kidoleni linabaki vumbi la kijivu. Ukungu. Na nyinyi mliniuzia mkisema hii ni aina ya baridi.

Hayo yote ningeyavumilia. Nisiloweza kulivumilia ni la tarehe 8 Julai.

Nilikuja ofisini kwenu na kikapu changu cha ukindu, ndani nimeweka mashina matatu kama ushahidi. Nikamweleza bwana shamba kwa adabu kwamba nimeambiwa taa zilitakiwa kuwaka usiku wa manane. Akachukua shina moja, akalinusa, akasema kwa sauti ya mnadani: "Mama, mmea wa kuwashiwa taa usiku wa manane huko Meru ni bangi tu. Haya maua umeleta ya kuzugia." Watu wakacheka. Nikaondoka.

Sijui kama mnaelewa maana ya neno hilo katika wilaya yetu ya Arumeru, ambako kila mara tunasikia mashamba ya bangi yamefyekwa na watu wamepandishwa kizimbani. Kulima bangi hapa kwetu kunaweza kukupeleka jela miaka 30. Siku nne baada ya maneno yale, saa 7 usiku, mgambo wawili na mwenyekiti wa kitongoji walinigongea. Taa zilikuwa zinawaka, maana ndiyo kwanza nilikuwa nimerekebisha taima niokoe matuta mawili yaliyobaki. Wakapita na tochi, wakang'oa miche sita wakaichunguza majani. Mwenyekiti nilimfundisha mimi darasa la tatu. Aliomba radhi huku anatazama chini. Kesho yake ilikuwa Jumapili, na ibadani benchi letu lilikuwa na nafasi kubwa kuliko kawaida.

Ilibidi kijana wangu anisomee kwenye simu hiyo bangi ninayodaiwa kulima. Kumbe ipo aina wanayoiita indika, fupi, ya majani mapana, asili yake milima ya Hindu Kush kule Afghanistan na Pakistan. Wakulima wa nchi za baridi wanaipenda kwa sababu inamaliza kutoa maua kwa wiki kama 8, kabla baridi kali haijafika. Nayo inahesabu giza kama krisantemu, na vichwa vyake vimeshonana mno hata ukungu wa kijivu unavila kukiwa na unyevu. Sehemu kubwa ya Kanada, tangu 2018, watu wazima wanaruhusiwa kupanda hadi miche minne kwa kila nyumba. Basi bwana shamba wenu anaijua vizuri tabia ya bangi. Ya krisantemu aliyoniuzia haijui. Nani hapo wa kuchunguzwa?

Narudi kwenye kaunta, maana sijasema yote. Alipolinusa lile shina hakuliweka chini. Alimpa mlinzi naye anuse. Mlinzi akanusa, akatikisa kichwa kama daktari, ndipo kicheko kikawa kikubwa. Kwenye foleni, nyuma yangu, alikuwapo binti niliyemfundisha, ameshika mtoto wake mkono. Alikuwa ameshaniamkia, "Shikamoo Mwalimu," na mtoto naye akaniamkia. Mtoto yule akauliza, "Mama, bangi ni nini?" Nina miaka 63. Sikuwa na jibu la kumpa mtoto, nikatoka bila hata kuchukua kikapu changu. Na yule bwana shamba wenu akanisindikiza kwa maneno: "Mama mkubwa, ukivuna utukumbuke."

Nadai, kwa heshima, mnirudishie shilingi 1,240,000 zote ndani ya siku 14, na mrekebishe karatasi ile kabla hamjamwangamiza mkulima mwingine.

Nimeusoma tena mstari huo nikaona nimewahurumia mno. Mnirudishie fedha hizo pamoja na gharama ya umeme wa wiki 4, na mniombe radhi kwa barua yenye mhuri, nakala ibandikwe kwenye kaunta ileile ili waliocheka waisome. Nakala nyingine iende kwa mwenyekiti wa kitongoji. Na bwana shamba aje Nkoaranga yeye mwenyewe, mchana, watu wakiwapo, aingie kitaluni anuse tuta moja moja mpaka aridhike. Chai nitampa.

Nawapa siku 7, si 14. Zikipita, karatasi yenu na risiti zitakuwa mezani kwa Tume ya Ushindani, na suala la kukashifiwa atalibeba wakili, ambaye naye nilimfundisha. Mashahidi ninao, wa foleni na wa tochi.

Kikapu changu kiko hapo kaunta au mlinzi anajua kilipo. Kina mashina mawili, la tatu mlibaki nalo mkilinusa. Nakitaka kikiwa na mashina yote matatu.

Wenu,
Mwalimu mstaafu, Nkoaranga