Mbungo nao uandikwe katika hesabu ya misitu yetu

Ndugu Mhariri,

Assalaam alaykum. Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jamii ya mimea ambayo kila nyumba ya Unguja na Pemba imeionja, lakini ambayo hatuitaji tunapozungumza juu ya kuhifadhi misitu. Nakusudia mbungo, mtoria na jamaa zao wote wenye utomvu mweupe, wanaotambaa na kupanda juu ya miti katika mapori yetu ya maweni.

Mwezi wa Ramadhani ukiingia, jagi la juisi ya mabungo halikosekani kwenye futari nyingi, na wauzaji wa sokoni huyapanga matunda yake ya rangi ya manjano bila ya mnunuzi kuuliza yametoka wapi. Yametoka porini. Mbungo haukai shambani kama mchungwa. Ni mtambaazi unaohitaji mti wa kuukwea, na unachukua miaka mingi kabla ya shina lake kuwa nene kama mkono wa mtu na kufika kileleni kunako jua, ambako hutoa maua meupe yenye harufu nzuri. Mti unaoubeba ukikatwa kwa kuni au kwa mkaa, mbungo huanguka nao. Mwaka juzi, katika pori la nyuma ya kijiji chetu, nilimkuta kijana amekata kwa panga shina la mbungo ambao marehemu baba yangu alikuwa akituonesha tulipokuwa wadogo, ili tu aangushe matunda ya msimu mmoja. Sikumlaumu sana, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia kuwa kile nacho ni kitu cha kuhifadhiwa.

Wataalamu huuweka mbungo katika ukoo wa Apocynaceae, ambao ni miongoni mwa koo kubwa kabisa za mimea ya maua duniani, wenye spishi zaidi ya 4,000. Katika ukoo huo limo kundi la Asclepiadaceae, ambalo mwaka 1810 mtaalamu Robert Brown alilitenga kuwa ukoo peke yake, na ambalo katika miaka ya karibuni limerudishwa kwa ndugu zake. Kwa miaka yote niliyosomesha biolojia, kundi hili ndilo lililonistaajabisha zaidi. Chavua yake haipeperuki kama unga, bali imefungwa katika vifuko viwili vilivyoungwa kwa kibanio kidogo, na mdudu anayefuata asali ya ua hunaswa mguu au mdomo na kibanio hicho, akaondoka na mzigo mzima hadi ua jengine. Utomvu wake una sumu inayogusa moyo. Viwavi wa kipepeo Danaus chrysippus, yule wa rangi ya machungwa mwenye ncha nyeusi na madoa meupe, hula majani hayo na kuihifadhi sumu mwilini, hata ndege aliyemwonja mara moja hamtamani tena. Mimea ya kundi hilo ikifyekwa, kipepeo huyo hana pa kutagia mayai.

Sumu ya aina hiyo imekuwa dawa. John Kirk, ambaye baadaye alikuwa balozi wa Uingereza hapa Zanzibar, aligundua alipokuwa katika msafara wa mvumbuzi David Livingstone kwenye mto Zambezi kwamba mabaki ya sumu ya mishale yaliyogusa mswaki wake yalimpunguzia mapigo ya moyo. Sumu ile ilitoka katika mtambaazi wa ukoo huu uitwao Strophanthus kombe, na baadaye ilitumika kutibu maradhi ya moyo. Mtoria nao umepewa jina la kitaalamu la Landolphia kirkii kutokana na Kirk huyo huyo. Katika karne ya 19 utomvu wake uligandishwa ukawa mpira, na mpira kutoka mwambao wa bara ulipita katika bandari yetu kwenda ng'ambo. Sisi watoto wa shamba tulijua kazi ndogo zaidi ya utomvu huo, yaani ulimbo wa kunasia ndege.

Kinachonisikitisha ni kuwa msitu unapopimwa, hupimwa kwa unene wa magogo. Mtambaazi huhesabiwa kuwa kero inayonyonga miti, na katika mashamba ya miti ya kupanda hufyekwa kwa makusudi. Labda mle mashambani ipo sababu, lakini katika mapori ya asili sioni sababu yoyote, kwa kuwa kima hula mabungo na kuzitawanya mbegu zake, na watu wa vijiji hupata riziki kwa matunda hayo bila ya kukata mti hata mmoja.

Sheria ya misitu ya Zanzibar, Namba 10 ya mwaka 1996, inaruhusu jamii kuingia makubaliano na Serikali na kusimamia msitu wao wenyewe. Ombi langu kwa Idara inayohusika, kwa masheha na kwa kamati za uhifadhi za vijiji ni kwamba makubaliano hayo yanapofanyiwa mapitio, mbungo na mtoria viandikwe kwa majina, ikatazwe kukata shina kwa ajili ya kuchuma, na mti uliobeba mbungo unaozaa usihesabiwe kuwa kuni. Vitalu vya miche navyo viatike mbegu za mabungo, ambazo kila muuza juisi huzitupa kwa ndoo. Mimi nimeshaanza na miche 14 nyuma ya nyumba, na skuli yoyote ya wilaya yetu inayotaka miche hiyo mvua za masika zikianza, nitaipa bila ya malipo.

Mwalimu mstaafu,
Wilaya ya Kusini, Unguja