Shukrani kwa mzee wa pikapu, Konde, Pemba

Assalaamu alaykum. Juzi gari tulilokodi kuwapeleka wanafunzi 22 Msitu wa Ngezi liliharibika karibu na Konde. Watoto juani, maji yamekwisha. Mzee mmoja, fundi seremala, akasimama, akashusha mbao zake kando ya njia, akawapeleka kwa safari tatu. Pesa ya mafuta akaikataa.

Wala hakuondoka. Chini ya mvule akatoa vipande viwili, cha mvule na cha msufi, akawapa watoto wavipime mkononi na kuvikwaruza kwa ukucha, wajue wenyewe kwa nini milango haichongwi kwa msufi. Nimefundisha miaka mingi. Somo kama lile sijawahi kulitoa.

Mzee wangu, jina hukutaka kulitaja. Kile kipande cha mvule kipo darasani, watoto wanapokezana. Mafundi wengine, tunawaomba nanyi mje.